Aliulinda msitu wa kwale hadi kwale wakahama

Saa mbili asubuhi. Jua la Oktoba ndiyo kwanza linachungulia juu ya miti ya mipopla, na umande umeganda kwenye majani kama chumvi. Arvid Kemppainen amesimama katikati ya msitu, bunduki yake ya marisau imelala mkononi, midomo wazi kidogo. Anasikiliza.

Anachosikiliza ni kengele iliyoko shingoni mwa Pulla, mbwa wake jike wa miaka mitano, mweupe mwenye madoa ya rangi ya machungwa. Pulla ni jina la mkate mtamu wa iliki unaookwa na akina mama wa huku. Kengele ikilia, maana yake mbwa anatembea na hana kitu. Ikinyamaza, mbwa amenusa ndege na ameganda kama nguzo. Arvid analipwa kwa ajili ya kimya hicho.

Leo kengele inalia. Inalia nusu saa, inalia saa nzima. Inashuka bondeni, inapanda, inarudi. Pulla anatokea, ulimi nje, anamtazama bwana wake kama mtu anayeuliza tumekuja hapa kufanya nini.

"Zamani hapa nilikuwa simalizi hatua hamsini kengele haijanyamaza," anasema Arvid. "Sasa hata ningemvisha kengele ng'ombe, matokeo yangekuwa haya haya."

Arvid ana miaka hamsini na minane. Anaishi Kettula, kijiji cha watu mia sita kaskazini mwa Michigan, ambako mababu zao walitoka Ufini kuja kuchimba shaba. Shaba iliisha. Waliobaki wanakata miti, wanafundisha shule, wanasubiri pensheni, au wanafanya kama Arvid, kidogo hiki, kidogo kile. Majira ya baridi anazoa theluji. Kiangazi anaezeka paa. Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba anawaongoza wageni kuwinda kwale na sululu, yule ndege mnene mwenye mdomo mrefu wa kuchimbua minyoo kwenye tope.

Kwa siku moja anatoza dola mia nne, mbwa na chakula cha mchana ndani yake. Miezi hiyo miwili ndiyo inayolipa mafuta ya kupasha nyumba moto hadi Aprili.

Msimu uliopita alipata siku thelathini na moja za wageni. Msimu huu zilipangwa kumi na tisa. Baada ya juma la kwanza, siku sita zimefutwa.

"Hawanitukani," anasema. "Wanaandika barua nzuri. Mgongo unauma, mke anaumwa. Mtu aliyepiga kwale watano hana mgongo unaouma."

Kazi ya mwongozaji, ukiondoa maneno mengi, ni kujua mahali. Kulenga ni kazi ya mgeni na kunusa ni kazi ya mbwa. Mwongozaji anauza mahali, na kwa hiyo mahali panafichwa. Mtu wa huku atakuonyesha kovu la upasuaji wake kabla hajakuonyesha anakopata kwale. Ukimuuliza amewapata wapi, atakujibu amewapata mdomoni mwa mbwa.

Arvid amekwenda mbali zaidi ya wengi. Akija kwenye msitu huu haegeshi pikapu karibu. Anaiacha maili moja mbele, kwenye kanisa lililofungwa, akiwa amefunga ngazi ndefu juu yake. Anayepita anadhani fundi amekuja kukagua paa. Kisha anarudi kwa miguu, akizungukia nyuma kupitia kijito.

"Mchungaji alinipigia simu mwaka juzi," anasema bila kucheka. "Akanishukuru kwa kuliangalia paa miaka yote hii."

Msitu wenyewe ni mali ya Bi Lempi Rautio, mjane wa miaka themanini na minne. Ni ekari mia moja na ishirini. Marehemu mumewe, Eino, alimruhusu baba yake Arvid kuwinda humo, na ruhusa ikashuka kwa mtoto. Hapa ndipo Arvid alipompiga kwale wake wa kwanza, akiwa na miaka kumi na miwili. Hapa ndipo alipowaleta wageni wake bora kwa miaka ishirini.

Miaka tisa iliyopita, jirani mmoja aitwaye Duane LaCombe, mkata miti, alikubaliana na Bi Lempi kukata ekari kumi za upande wa mashariki. Arvid aliposikia, hakulala. Aliona mashine ikiingia kwenye mahali pake, matope, na barabara mpya ambayo kila mwenye gari angeifuata. Asubuhi alikuwa jikoni kwa Bi Lempi. Alimwambia mkata miti ni nzige. Alimwambia kwale wakishasumbuliwa hawarudi.

Bi Lempi alimwamini. Duane akarudishwa mlangoni, mashine yake ikiwa tayari juu ya lori.

"Niliondoka pale kifua mbele," anasema Arvid. "Nilijiona nimeokoa kitu."

Msitu ukaokolewa. Mipopla ikaendelea kukua. Leo imenyooka, minene kama mapaja, majani yako juu kabisa, na chini pamesafishika hata mtu anaweza kumwona kulungu kwa hatua mia. Mchora picha angeupenda. Kwale hautaki, kwa sababu mwewe naye anaona kwa hatua mia.

Arvid anasema aliliona jambo hilo likija pole pole, akakataa kuliona. Mwaka wa kwanza alilaumu mvua ya Juni. Mwaka wa pili alilaumu mbweha. Mwaka wa tatu alimlaumu mbwa aliyekuwa naye wakati ule.

"Na yule mbwa hakuwa na kosa," anasema.

*

Siku hiyo hiyo, Jumanne, saa nne, Arvid anaingia mkahawani. Duane LaCombe yuko kwenye meza ya dirishani na andazi lake la nyama na viazi. Ana miaka arobaini na tisa, mabega mapana, ndevu zina unga wa mbao hata siku ya mapumziko. Watu hawa wawili wanaishi maili nne mmoja kutoka kwa mwenzake na hawajasalimiana kwa miaka tisa.

"Kiti hiki kina mtu?" anauliza Arvid.

"Kina kofia yangu," anajibu Duane. Kofia haondoi.

Arvid anabaki amesimama.

"Nasikia wageni wako siku hizi wanarudi kwao na kuku wa dukani."

"Umesikia vizuri."

Duane anainua uso. Jibu hilo hakulitegemea.

"Nataka unionyeshe ulikokata," anasema Arvid. "Miaka minane nyuma, kumi, mpaka kumi na tano."

"Wewe? Wewe uliyemwambia bibi wa watu mimi ni nzige?"

"Nilisema."

"Nzige, bwana! Habari ilimfikia mpaka mama mkwe wangu. Mpaka leo nikikaa mezani kwake ananiuliza kama nimeshiba au nihamie shamba jingine."

"Nilikosea."

"Sema tena. Dada wa kahawa hakusikia."

"Nilikosea!"

Mhudumu yuko kaunta, amewapa mgongo. "Nilisikia mara ya kwanza," anasema.

Duane anaichukua kofia, anaiweka gotini. Arvid anakaa. Kisha Duane anachora kwa kidole mezani, kwenye maji yaliyomwagika.

"Sikiliza, mzee. Kwale hapendi msitu. Kwale anapenda kidonda cha msitu kinapoanza kupona. Ukikata mipopla yote mahali pamoja, mizizi inatoa machipukizi elfu kwa elfu. Yakifika unene wa kifundo cha mkono, kwale yuko ndani, na mwewe hapiti. Yakifika unene wa paja, kwisha. Hiyo ni miaka ishirini, ishirini na kidogo. Mimi nimeliona hilo kila siku nikiwa juu ya mashine. Wewe imekuwaje usilione?"

"Nilikuwa naangalia mbwa."

"Ulikuwa unaangalia nani anakuangalia," anasema Duane.

Anakubali kumwonyesha sehemu moja. Lakini anatoa sharti: kwanza Arvid aende kwa Bi Lempi akayameze maneno yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mimi siendi," anasema Duane. "Mlango ule nilifungiwa mara moja, imetosha."

*

Huku hakuna anayeanza na shida yake kabla ya kikombe cha pili cha kahawa. Bi Lempi anamimina cha kwanza, anauliza habari za mapaa, anamimina cha pili, anakaa.

"Haya. Umeingia na kofia mkononi. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Bi Lempi. Ni kwale. Hawapo."

"Najua hawapo. Dirisha langu liko palepale. Zamani walikuwa wanakuja jioni kula matufaha yaliyoanguka. Nina miaka minne sijamwona hata mmoja."

Arvid anamweleza. Anaeleza vibaya, anarudia, lakini anafika mwisho: mwaka ule Duane alipaswa kuachwa akate, na yeye ndiye aliyeharibu. Bi Lempi anainuka akishikilia meza, anafungua droo ya vijiko, na kutoka chini ya vijiko anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ni ramani iliyochorwa kwa penseli na Eino. Shamba limegawanywa vipande vyembamba, ekari kumi kumi. Kwenye vipande vitatu imeandikwa miaka, kila mmoja ukiachana na mwenzake karibu miaka kumi. Cha mwisho kati ya hivyo kilikatwa miaka ishirini na saba iliyopita. Cha nne, cha mashariki, hakina mwaka. Kina alama ya kuuliza tu, iliyowekwa miezi michache kabla Eino hajafa.

Arvid anaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Nilidhani alikuwa anakata kuni," anasema.

"Kuni? Kuni tulikuwa tunanunua kwa baba yako!"

"Kwa nini hukunionyesha karatasi hii siku ile?"

"Mwanangu, mtu wa kwale ni wewe. Mimi mtu wa maharagwe. Daktari akiniambia nisile chumvi, nimfungulie droo nimwonyeshe aliyoandika mume wangu?" Anaikunja tena karatasi. "Nilijua Eino alikuwa na mpango wake. Nikafikiri labda kwale wa siku hizi wana mambo mapya."

Arvid anaomba msamaha. Bi Lempi anaupokea kama anavyopokea kikombe kitupu, anauweka pembeni.

"Mwambie LaCombe akate. Miti ya matufaha karibu na ghala la zamani asiiguse. Na wakirudi, wewe utaniletea mmoja wa supu kila msimu. Itachukua miaka mingapi?"

"Sululu watakuja mapema, hata mwaka ujao, wanapenda uwazi wa kuwachezea majike majira ya kuchipua. Kwale ni miaka saba. Labda minane."

Bi Lempi anahesabu kwa midomo.

"Tisini na moja," anasema. "Basi kata vizuri, meno hayatakuwepo. Supu iwe laini."

*

Siku mbili baadaye Duane anatimiza ahadi. Anamwongoza Arvid kwa lori hadi jalala la kijiji, anapita lundo la magodoro na friji, na kusimama mahali barabara inapoishia.

"Hapa," anasema.

"Hapa jalalani?"

"Nyuma yake. Ekari arobaini, ardhi ya umma, nilikata miaka kumi na moja iliyopita. Unapita hapa mara ngapi?"

"Kila Jumamosi," anasema Arvid. "Naleta takataka."

Nyuma ya jalala mipopla imesongamana hata mtu anapita kwa ubavu, mkono mmoja usoni. Upande wa chini kuna tope jeusi, na kwenye tope kuna vitundu vidogo, vingi, kana kwamba mtu amekaa akilidunga kwa penseli. Hiyo ni kazi ya mdomo wa sululu. Pulla anaingia, kengele inalia. Arvid anatazama saa. Kabla ya dakika ya sita, kengele inanyamaza.

"Sikumbuki mara ya mwisho," anasema Arvid, na hamalizi sentensi.

Kwale anaruka kwa kishindo kile kinachomshtua hata mtu aliyekuwa akikingoja. Arvid hakuinua bunduki. Anasema alitaka kuona tu. Duane anasema alisahau.

Jumamosi Arvid anamleta mgeni wake, daktari wa meno aitwaye Pruitt, aliyesafiri saa saba kwa gari kutoka Chicago. Mgeni ana buti mpya na fulana ya rangi kali. Anashuka, ananusa hewa.

"Arvid, rafiki yangu. Umenileta jalalani."

"Pita hapo kwenye friji, daktari. Polepole, kuna misumari."

"Nilimwambia mke wangu naenda porini kusikojulikana."

"Kweli hakujulikani. Kila mtu anapajua, hakuna anayepajua."

Hadi saa saba mchana, daktari ameangusha sululu watatu, kiwango cha siku kinachoruhusiwa na sheria, na kwale mmoja. Kwale wengine sita amewakosa. Uso umechanwa na matawi, goti moja lina tope, na anacheka peke yake. Arvid anagawa mkate wa shayiri na soseji juu ya kifuniko cha injini. Pulla anapata soseji nzima.

"Mahali hapa panaitwaje?" anauliza daktari huku akitafuna.

"Hapana jina," anajibu Arvid.

Kabla ya kuondoka, daktari anashika siku tatu za msimu ujao. Anaomba jambo moja, kwamba marafiki zake wakiuliza, wasiambiwe habari ya magodoro.

Arvid hajidanganyi. Jalala litamvusha msimu huu na mingine michache. Ekari arobaini ni kidogo, bunduki ni nyingi, na mipopla ile nayo haisimami kukua. Duane amemtajia sehemu nyingine nne alizokata kwa miaka tofauti. Arvid ameziandika kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza kwenye daftari hilo, pembeni ya kila mahali kuna mwaka. Baba yake hakuandika miaka. Aliandika majina tu, mengi ya uongo.

"Baba alinifundisha kwamba mahali ni mahali," anasema. "Ukishapajua ni pako mpaka ufe. Kumbe mahali panapita. Panakuja, panakaa, panaondoka, kama sululu wenyewe."

*

Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Arvid na Duane wako kwenye msitu wa Bi Lempi, upande wa mashariki. Arvid ameshika kopo la rangi ya buluu ya kupuliza. Duane ameshika ramani ya Eino, imewekwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Kazi ni kuweka alama kwenye miti ya mpakani. Yote iliyo ndani ya alama itaanguka Januari, ardhi oevu ikishaganda na kubeba mashine. Duane amesema kupuliza rangi ni kazi ya Arvid. Hajasema kwa nini, na Arvid hajauliza.

Wanakwenda polepole. Pulla yuko nyuma yao, kengele inalia, hakuna anayeisikiliza.

"Huo umeuruka," anasema Duane.

"Nimeuona."

Ni mpopla mmoja mnene, una mkunjo kwenye shina kama goti la mtu aliyekaa. Baba yake Arvid alikuwa akiegemeza bunduki hapo wakati wa kula. Arvid anaweka kopo chini, anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Kisha anachukua kopo na kupuliza. Mstari wa buluu unatiririka kidogo chini ya mkunjo.

"Miaka saba nitakuwa na sitini na mitano," anasema. "Pulla atakuwa mzee wa kulala karibu na jiko. Itabidi nipate mbwa mwingine, nianze kumfundisha mwaka wa tano, ili wa saba awe tayari." Amezungumza na mfugaji wa wilaya ya jirani. Mfugaji alimcheka kwa kuagiza mtoto wa mbwa ambaye mama yake bado hajazaliwa.

Mpango wenyewe ni huu. Kipande cha nne mwaka huu. Cha tano baada ya miaka minane au tisa, kama Bi Lempi au warithi wake watakubali. Arvid ameomba jambo hilo liandikwe, na liwekwe kwenye droo ile ile ya vijiko. Hata yeye akifa, atakayekuja asikute alama ya kuuliza.

Mchana wanatoka kuelekea barabarani. Pikapu ya Arvid iko mlangoni kabisa mwa shamba la Rautio, pua imetazama msitu. Ngazi haipo juu yake. Gari la posta linapita, dereva anapunguza mwendo, anatazama pikapu, anatazama msitu, anapunga mkono.

"Sasa kijiji kizima kitajua unawinda hapa," anasema Duane.

"Waje tu. Hamna kitu humo."

Anamfungulia Pulla mlango, anamsubiri apande, kisha anamvua kengele na kuiweka mfukoni.

"Mwaka wa saba," anasema, "naanza tena kuegesha kanisani."